Mpindo wa Septemba

Ukurasa wa arobaini na moja bado mweupe
na Odile yuko hospitali, mkono umefungwa bandeji hadi kiwiko.
Mhariri amepiga simu mara mbili kutoka Paris.
Basi nimeketi mimi kwenye kiti chake,
ghorofa ya tatu, Angoulême,
mvua imeng'ang'ania dirisha tangu asubuhi kama mdai.

Nikashika kalamu yake. Nikagusa kioo
nipate nyusi za yule mjane wa fremu ya kwanza, unywele tu,
yakaja matope.
Nyusi nene kama viwavi, nyeusi ti.
Nikafuta. Nikapunguza mkono. Viwavi tena.

Nina mkono mzito, nakiri.
Mwalimu wangu alikuwa akiligeuza daftari
akasome kazi yangu mgongoni mwa karatasi, kwa ncha ya kidole.
Na babu, aliyetumikia kiwanda cha karatasi hapo mtoni
mpaka kikafungwa, alinionya:
karatasi ina kinyongo, mjukuu wangu.
Kioo hakina. Ukibonyeze utakavyo, hakibonyei.
Kinahesabu tu.

Wauza kalamu hii hujisifu kwa ngazi
elfu nane mia moja tisini na mbili.
Nani amezipanda zote? Mimi najua saba:
kugusa, kupapasa, kutomasa,
kubonyeza, kubinya, kukandamiza,
na kushindilia, ambayo nilizaliwa nayo.

Nikafungua mipangilio.
Mna kisanduku humo, na ndani yake mpindo:
chini, nguvu unayotoa;
ubavuni, wino unaolipwa.
Wangu huwa umelala kama mteremko wa bonde,
toa sana upate kidogo.
Wake umesimama wima kama boma la mji huu.
Pumua tu juu ya kioo, kitakumwagia ndoo.

Na chini yake, mafaili.
Februari. Aprili. Aprili-mpya. Juni. Agosti. Septemba.

Nikayafungua moja moja, kama mtu apekuaye droo isiyo yake.
Februari, mpindo umelala.
Aprili umeinua kichwa.
Juni umepiga magoti.
Agosti umesimama.
Na mimi nilikuwa meza ya pili, muda wote huo.
Nilimwona akinywa kahawa kwa mkono wa kushoto
nikadhani ni madaha.
Nikamwambia, Odile, mistari yako haijawahi kuwa mizuri hivi.
Akasema ahsante. Akageuza skrini kidogo, upande wa ukuta.

Mkono ulipungua, naye akaongeza wino,
kidogo, kimyakimya,
kama mpishi anayeongeza maji kwenye mchuzi
wageni wasijue nyama imekwisha.

Ningeweza kubofya mara mbili, mpindo wangu ukarudi.
Kidole kilishafika.
Nikampigia simu.

"Unatumia upi?"
"Wa Septemba."
Kimya. Kitoroli cha dawa kikapita upande wake,
gurudumu moja likilia.
"Basi usichore, Gaëtan," akasema.
"Jifanye unafuta unga
shavuni mwa mtoto aliyelala."

Nikafuta unga.
Mara tatu mtoto akaamka.
Mara ya nne unyusi ukaja: mwembamba,
ukakolea katikati, ukafifia bila kuaga.
Si mstari wangu. Na wake pia si wake kamili;
pale kwenye kona umetetemeka kwa woga,
na wake, nadhani sasa, ulikuwa ukitetemeka kwa maumivu
nasi tukauita mtindo.

Saa tano usiku. Fremu nne zimebaki.
Bega linaniuma kwa kazi nisiyoizoea, ya kujizuia.
Mjane amepata nyusi zote mbili, na koti,
na mvua, ambayo imenitoa jasho kuliko koti:
kila tone lataka kuanza bila kuguswa.

Simu inatetemeka mezani. Paris, mara ya tatu.
Naiacha ilie.
Mtoto amelala.